Kiti cha Mlaji

Wanaokisimulia kisa hiki hawakuwepo kilipotokea, na waliokuwepo wengi wao waliliwa baadaye, kwa hiyo tukipokee kama kilivyo. Mwaka huo mvua iliwasusa wanyama wa nyikani. Majani yalikauka, visima vikabaki matope, na mtama ukapatikana mahali pamoja tu, shambani kwa Ngiri kando ya mto, ambako maji yalikuwa bado yanajikokota.

Mfalme Simba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutia punje ya mtama mdomoni, aliguswa sana na shida hiyo. Aliguswa zaidi aliposikia kwamba falme za ng'ambo ya milima zina Bodi za kusimamia soko na ufalme wake hauna. Hilo hakulivumilia. Akapiga mbiu, wanyama wakajaa barazani, naye akanguruma mpaka wenye masikio marefu wakayakunja.

“Kuanzia leo tuna Bodi ya Soko la Mtama! Itapanga bei, itasimamia vipimo. Naweka viti vitatu: cha mkulima, cha mpimaji na cha mlaji. Sitaki jirani yeyote aje kusema kwamba katika ufalme wangu mlaji hana wa kumsemea.”

Wanyama wakashangilia. Kiti cha mkulima kilikwenda kwa Ngiri, maana mtama ulikuwa wake. Cha mpimaji alipewa Nyani, maana ana vidole. Kikabaki cha mlaji.

Mama Kwale alikuwa mstari wa mbele, vifaranga wake wamejibanza chini ya mbawa. Watoto wale waliishi kwa mtama, hawakuwa na kingine, na yule wa mwisho, Kitinda, alikuwa ameanguliwa mdogo kuliko wenzake, miguu kama njiti. Kwale alitaka kusema neno. Ndiyo kwanza anasafisha koo, Fisi alikuwa amekwisha simama.

“Mtukufu mfalme, tusizungushane,” Fisi akasema. “Mlaji ni nani? Si yule anayekula? Basi atokeze hapa anayekula kunishinda mimi. Nakula asubuhi, nakula mchana, nakula mabaki na mabaki ya mabaki. Mifupa yenyewe siitupi. Kwa kazi hii nina uzoefu wa ukoo mzima.”

Kila mmoja alitafuta kasoro katika hoja ile asiione, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Simba akacheka mpaka manyoya ya shingoni yakatikisika.

“Hoja imenyooka! Mlaji mkuu ndiye awasemee walaji wadogo!”

Wakapiga makofi. Mama Kwale naye akapigapiga mbawa, kwa kuwa wenzake wote walikuwa wanashangilia, na jambo hilo lilikuja kumchoma moyo baadaye kuliko njaa yenyewe.

Bodi ilianza kazi kwa bidii ya kutisha. Cha kwanza kushughulikiwa kilikuwa kuonja. Tangu enzi za mababu, mnunuzi wa nyikani hatoi malipo kabla hajaonja. Anachota punje kidogo, anatafuna, anatema au anatabasamu, ndipo apimiwe. Bodi iliona hiyo ni vurugu. Midomo yote ile kwenye gunia moja! Ikaamuliwa kwamba mtama uonjwe mara moja, mahali pamoja, na mlaji mmoja kwa niaba ya wote. Mlaji huyo mnamjua.

Basi kila gunia lililotoka shambani kwa Ngiri lilipitia kwa Fisi. Mwingine huonja kwa ncha ya ulimi, lakini Fisi alionja kwa debe. Alitafuna, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa uzito wa majukumu, akasema, “Bado sijawa na hakika,” akaonja tena. Magunia yakafika sokoni yamelegea kama shati la mtu aliyekonda.

Kwa kuwa mtama uliofika ulikuwa haba, Bodi ikapandisha bei. Fisi aliunga mkono akiwa amejaza mdomo, kwa hiyo maneno yake hayakusikika vizuri, lakini kichwa kilionekana kikikubali. Kisha Bodi ikavionea huruma vibaba vya kupimia, kwamba vinachakaa kwa kuchotachota kila siku. Ikaagiza viimarishwe. Nyani akavikandika udongo wa kichuguu kwa ndani, kitako kikapanda hadi katikati. Kwa nje kibaba kilikuwa kile kile. Kwa ndani kilikuwa imara kiasi kwamba mtama haukuwa na pa kukaa.

Kila mnyama alilipa kwa alichonacho, huyu asali, yule kuni. Mama Kwale alilipa kwa manyoya yake. Mwanzoni unyoya mmoja ulimtosha kupata kibaba. Bei ilivyozidi kupanda, bawa la kushoto likabaki ngozi, kisha mkia, kisha mgongo. Manyoya hayo hayakupotea bure. Bodi iliyatia kwenye matakia ya viti vyake, kwa sababu mikutano ilikuwa mirefu na ya kuchosha.

Asubuhi moja alifika sokoni amebaki na bawa moja tu lililo kamili. Akang'oa unyoya, akang'oa mwingine, akang'oa mpaka Nyani akaridhika. Nyani akachota mtama, akaufuta juu kwa kiganja, akammiminia.

“Kaka Nyani, hiki ni kibaba kweli?”

“Kwani mama unaona ni pipa?”

“Zamani kilikuwa kinawashibisha watoto. Sasa kinaisha kabla sijamfikia wa mwisho. Na nyongeza iko wapi? Ulikuwa unatutupia japo konzi.”

“Nyongeza imefutwa. Mwakilishi wenu alikubali.”

“Basi niache nionje, nijue nanunua nini.”

“Umeshaonjewa,” Nyani akasema, akamwita mwingine.

Aliporudi nyumbani, Kitinda hakuinuka kuja kula. Alifungua mdomo huku amelala, akingoja chakula kimfuate alipo. Mama Kwale akamwegemeza kwenye kifua chake, akamsikia alivyo mwepesi, akaogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo hata mwaka ule moto ulipopita juu ya kiota. Akawaambia wakubwa wamtazame mdogo wao, akaenda moja kwa moja kwa Fisi.

Alimkuta ameketi juu ya takia nono. Kwale alilitambua takia kabla ya kumtazama mwenyewe usoni, maana unyoya mmoja wenye madoadoa ulikuwa umechomoza pembeni.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

“Marahaba, mwananchi. Sema haraka, nina kikao, na kikao kina chakula.”

“Mtoto wangu anakufa njaa. Bei imepanda, kibaba kimepungua. Wewe ndiye mtu wetu kwenye Bodi.”

“Njaa naijua, mama. Hakuna anayeijua kama mimi. Nikimaliza kula tu, inaanza.”

“Basi tusemee.”

“Nawasemea kila siku! Jana tu nimemwambia mfalme kwamba walaji wanamshukuru sana na hawana la kuongeza.”

“Nani alikutuma useme hivyo?”

“Nilijiuliza mwenyewe, kama mlaji,” Fisi akajibu, akijipapasa tumbo, “nikakuta nimeridhika.”

Mama Kwale alitoka analia, wala hakujificha. Njiani akamkuta Sungura ameketi kichakani, kibaba chake cha asubuhi kimemwagwa mbele yake, anakitazama kwa uso wa mtu aliyetukaniwa mama. Sungura hana desturi ya kumsaidia mtu bure, na sitaki mumfikirie vingine. Lakini siku hiyo alikuwa na uchungu wake mwenyewe.

“Dada Kwale, kwenye nyika hii mimi ndiye ninayewapunja wenzangu,” akasema. “Leo nimepunjwa na Nyani, kwa kibaba kilichokandikwa udongo ndani, tena mchana kweupe! Wakisikia, uso wangu nitauweka wapi?”

“Uso wako haunihusu. Mimi nina mtoto hainuki.”

Sungura akalitazama bawa lake lililobaki ngozi, akaacha mzaha.

“Fisi ananaswa kwa chakula tu,” akasema taratibu. “Na mfalme ananaswa kwa sifa. Twende ikulu. Ukinisikia nasema upuuzi, wewe nyamaza.”

Simba alikuwa amejinyoosha kivulini. Sungura akapiga magoti mpaka pua ikagusa vumbi, na Mama Kwale akabaki mlangoni.

“Mtukufu, nimesikia fitina mpakani, hata naona haya kuitamka.”

“Itamke!”

“Chui wa ng'ambo anasema walaji wako wana manung'uniko. Nimebishana naye mpaka koo likakauka. Nikamwambia, kwa Simba hakuna manung'uniko. Hata mfalme wetu akiahidi gunia zima kutoka ghala lake kwa kila nung'uniko la kweli, ghala litabaki limejaa vile vile.”

Ghala la Simba lilikuwa limefurika mtama wa ushuru. Hakuula wala hakumpa mtu, aliupenda tu kuutazama. Akainuka, akatunisha kifua.

“Umesema vyema, na mimi naahidi! Kesho barazani, mbele ya kila mwenye masikio. Aseme mwakilishi wao mwenyewe, maana kila siku ananiambia hawana neno. Chui atanyamaza milele!”

Mama Kwale alifungua mdomo kusema neno la shukrani, Sungura akamkanyaga mguu wakati wa kutoka. Kisha wakaachana. Yeye akaenda kwa watoto, na Sungura akapitia kwa Fisi, akamnong'oneza kwamba kila nung'uniko ni gunia, na kwamba mpokeaji, bila shaka, ni mwakilishi.

Fisi alidondokwa na mate papo hapo. Ila alikuwa na tatizo dogo. Muda wote ule wa kuwawakilisha walaji, hakuwa na nung'uniko lao hata moja kichwani. Ndipo alasiri hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Bodi iundwe, mwakilishi wa walaji akaenda kumtembelea mlaji.

“Hodi hapa! Mama Kwale, dada yangu wa hiari, hamjambo? Watoto wazima?”

“Karibu, mheshimiwa,” Kwale akajibu, maana adabu ni adabu, huku akiwasukuma vifaranga nyuma yake, maana fisi ni fisi.

“Sikai. Nimekuja kuomba manung'uniko.”

“Manung'uniko?”

“Yoyote uliyonayo. Makubwa kwa madogo, mimi sichagui.”

Mama Kwale akampa yote. Alimweleza jinsi bei ilivyommaliza manyoya, akageuka ili auone mgongo. Akamweleza habari za udongo ndani ya kibaba, na nyongeza iliyofutwa. Akamwonyesha Kitinda kwa mbali. Alichokuwa anakisimulia kilikuwa kimelala pale pale nyuma yake. Fisi alisikiliza akimeza mate, akikunja kidole kwa kila shida.

“Mazuri sana haya,” akasema. “Mazuri mno! Siku zote hizo unakaa nayo tu, huniambii?”

“Nilikuambia, mheshimiwa. Leo asubuhi.”

“Hukunieleza kwamba yana thamani,” Fisi akasema, akaondoka akiyakariri.

Kesho yake baraza lilijaa. Simba alikuwa juu ya mwamba wake, anatabasamu tangu kabla ya kuanza. Sungura alikaa karibu naye, anatikisa kichwa kila mara kama mtu mwenye hakika. Fisi akaitwa.

Tumpe haki yake. Hajatokea nyikani mtu aliyewasemea walaji kama Fisi alivyowasemea asubuhi ile. Alilia machozi ya kweli.

“Bei, mtukufu! Mama mzazi anajinyonyoa hadharani ili watoto wale!” Akamvuta Mama Kwale mbele, akamgeuza, wanyama wote wakaona mgongo mtupu wakaguna. “Hilo la kwanza! Na kibaba, mtukufu, kibaba!” Akampokonya Nyani kipimo, akakigonga mwambani, pande la udongo likadondoka mbele ya mfalme. “La pili! Na nyongeza waliyoachiwa na mababu imefutwa kimyakimya! La tatu!”

Tabasamu la Simba lilikuwa limekwisha.

“Juzi uliniambia wananishukuru.”

“Juzi hakukuwa na magunia, mtukufu,” Fisi akajibu, na jibu lilimtoka kabla hajalipima.

“Basi manung'uniko yatakuwa yamekwisha,” Sungura akadakia haraka, kwa sauti ya kumfariji mfalme. “Ni hayo tu. Naamini hakuna jingine hata kidogo.”

Mama Kwale alikuwa bado amesimama pale mbele, karibu kabisa na Fisi. Aliuona ulimi ukipita juu ya midomo, ukarudi, ukapita tena. Fisi alikuwa anaona gunia jingine likimponyoka, na hilo hakuumbwa kulistahimili.

“Lipo!” akapiga kelele. “Tena kubwa kuliko yote! Mtama unaliwa njiani! Kila gunia linalotoka kwa Ngiri linachotwa kabla halijafika sokoni, madebe kwa madebe, asubuhi na jioni! Ndiyo maana mtama umeadimika, ndiyo maana bei imepanda! Hilo lihesabiwe mara mbili, mtukufu!”

“Nani anaula?” Simba akauliza.

Fisi akafungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuufungua bila kuingiza kitu wala kutoa kitu.

“Ngiri!” mfalme akageuka. “Wewe umo kwenye Bodi hiyo. Ulijua?”

“Nilijua, mtukufu.”

“Ukanyamaza!”

“Mimi ni wa wakulima,” Ngiri akasema, bila hata kubadili uso. “Bei ikipanda nafurahi, na sijawahi kuficha. Mlaji alikuwa na mtu wake. Alikaa ubavuni pangu kila kikao, anatafuna. Ningemwingiliaje katika kazi yake?”

Macho yote yakamrudia Fisi.

“Nilikula kwa niaba yao!” akabweka. “Kwani nilijiweka mwenyewe? Mlinishangilia! Nyote mlipiga makofi!”

Mama Kwale alisikia joto la aibu likimpanda hadi kichwani, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli.

“Tulipiga,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini baraza lilikuwa limetulia. “Na mimi nilipiga, najuta mpaka leo. Lakini wewe umeshiba na mwanangu hainuki. Niaba gani hiyo isiyofika tumboni kwa mwenyewe?”

Fisi akamgeukia mfalme. Alikuwa na swali.

“Na yale magunia, mtukufu, niyapokee wapi?”

Hapo Simba aliruka kutoka mwambani, akamkandamiza chini. Hasira yake haikuwa ya njaa ya walaji, tusidanganyane. Alikuwa ameumbuka mbele ya watu.

“Huyu namla sasa hivi,” akanguruma, “kwa niaba ya walaji wote!”

“Hapana, mtukufu,” Mama Kwale akasema upesi. “Tafadhali, mtu asile kitu tena kwa niaba yetu. Mpe kibaba apange foleni kama sisi.”

Simba alitafakari, akaona adhabu hiyo inamfaa zaidi, na Fisi akaiona pia. Alianza kulia upya, safari hii bila kulipwa. Nyani akaamriwa akwangue vibaba vyote kwa kucha zake mwenyewe, na nyongeza na kuonja vikarudi sokoni.

“Sasa kiti cha mlaji,” mfalme akasema. “Nani anakitaka?”

Makucha, kwato na mbawa zikainuka kwa pamoja, na la Sungura ndilo lililotangulia.

“Mtukufu, kabla hujachagua,” Mama Kwale akasema. “Atakayekaa pale anunue mtama wake sokoni mwenyewe, kwenye foleni, kwa kibaba hiki hiki, siku ile ile ya kikao. Na kikaoni asile kitu.”

Mikono ikaanza kushuka. Mmoja alikumbuka ana mgonjwa, mwingine mgongo ulikuwa unamsumbua. Sungura alijikuta ana shughuli ya dharura kule mpakani. Likabaki juu bawa moja tu, lisilo na manyoya, na hakuna aliyeshindana nalo.

Ghala likafunguliwa mchana ule ule, magunia yakagawiwa hadharani. Mama Kwale hakungoja hotuba ya mfalme, ambayo ilikuwa ndefu. Alifika nyumbani na kibaba kilichojaa mpaka juu, akatafuna punje, akazilainisha, akamtia Kitinda mdomoni. Kitinda akameza. Akameza tena. Kisha akainua kichwa na kumdonoa mama yake kifuani kwa ukali, akitaka nyingine, na mama akacheka huku machozi yanamtiririka.

Bodi bado ipo, na Simba anamsimulia kila mgeni kwamba yale masharti aliyabuni yeye. Hakuna anayembishia, wana mambo mengine ya kufanya. Ila siku hizi, huko nyikani, anayejitokeza kuwasemea walaji haulizwi tena anakula kiasi gani. Anaulizwa jana alikula nini, na alikinunua wapi.